Bibi anapouliza, "Wewe ni nani?"

Jumapili ya leo nakualika tutafakari jambo lililomo katika nyumba zetu nyingi, lakini ambalo ni nadra kulisikia likihubiriwa kanisani: mtoto anayeishi na bibi mgonjwa. Bibi tunamkumbuka. Jina lake linaandikwa katika nia za Misa, wanajumuiya wanafika na sukari na sabuni, padre anakuja na Komunyo Takatifu na Mpako wa Wagonjwa. Lakini yule mtoto aliyetufungulia mlango, akatuletea viti, kisha akaambiwa atoke nje akacheze, huyo hatumwoni.

Hapa mkoani Pwani jambo hili lina sura mbili. Ukienda Kisarawe, katika vijiji vya njia ya Maneromango na kule Chole na Vikumburu, utamkuta bibi aliyebaki na wajukuu. Baba na mama wako Dar es Salaam wakihangaika na maisha, na mtoto ameachwa kwa bibi mwenye shamba la mihogo, mikorosho michache na mwembe uani. Bibi ndiye mama na ndiye baba. Ndiye anayekwenda kikao cha shule, ndiye anayejua mtoto ana viatu vya namna gani. Huyo akiugua, nyumba nzima imeugua.

Ukija Kibaha, mambo yamegeuka. Mailimoja, Tumbi, Picha ya Ndege na maeneo mengine kando ya barabara ya Morogoro wamejenga watu kutoka karibu kila mkoa. Huko si mtoto aliyepelekwa kwa bibi, bali bibi ndiye aliyeletwa kwa mtoto. Amepandishwa basi kutoka Songea, Bukoba au Moshi ili awe karibu na hospitali. Mtoto anaambiwa asubuhi moja kwamba kuanzia leo atalala sebuleni, kwa kuwa chumba chake ni cha bibi. Bibi mwenyewe anazungumza lugha ya kwao ambayo mtoto haielewi vizuri, na usiku anaita majina ya watu ambao mtoto hajawahi kuwaona.

Magonjwa ya wazee ni mengi: presha, sukari, kiharusi, miguu, macho. Leo nataka tuutazame ule unaomchanganya mtoto kuliko yote, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu huuita dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi nao, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri. Si ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kati ya kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, takriban 6 walikuwa nao. Kama upo Hai, upo na Kisarawe.

Mtoto ndiye huwa wa kwanza kuutambua. Sisi sote tunaujua utani wa bibi na mjukuu. Mjukuu wa kiume huitwa mume wangu, akiambiwa alete mahari ya kuni. Wa kike huitwa mke mwenzangu, maana wote wawili wanamgombania babu. Basi watu wazima wanapoona tu kwamba bibi "amechoka siku hizi", mtoto ameshaona jambo kubwa zaidi: leo bibi hakumtania. Kesho anamwita kwa jina la mjomba. Keshokutwa anaweka chumvi kwenye chai na kumsingizia mtoto. Halafu inafika siku ambayo anamtazama usoni mjukuu aliyemlea kwa mikono yake, anamuuliza: wewe ni nani?

Swali hilo linaweza kumvunja moyo mtu mzima. Mtoto wa miaka tisa alipokee vipi?

YUSUFU HAKUWAACHA WANAWE NYUMBANI

Tufungue Biblia, kitabu cha Mwanzo, sura ya 48. Yusufu analetewa habari kwamba baba yake, mzee Yakobo, ni mgonjwa. Wakati huo Yusufu ni mtu wa pili kwa ukubwa Misri yote baada ya Farao. Ana shughuli zake, na ana watumishi wa kuwatuma. Lakini anakwenda mwenyewe, na anawachukua wanawe wawili, Manase na Efraimu. Kwa hesabu ya miaka ya Yakobo nchini Misri hao walikuwa wameshakuwa vijana, lakini walikuwa bado wana walio chini ya baba yao, na kwa Yakobo walikuwa wajukuu.

Angalieni yanayotokea. Mzee anaposikia kwamba Yusufu amekuja, anajikaza, anaketi kitandani. Wanaowahudumia wagonjwa wanaijua nguvu hiyo. Mgonjwa aliyekuwa hainuki hujitahidi kuinuka akisikia sauti ya mtu anayempenda. Kisha anawaona vijana, na anauliza hao ni akina nani. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa uzee, Maandiko yanasema hivyo katika aya ya 10. Babu haoni tena kwamba hao ni wajukuu wake.

Yusufu hakasiriki. Hamwambii, "Baba, hata hawa umewasahau?" Hawatoi vijana nje kwa aibu. Anamjibu kwa utulivu kwamba hao ni wanawe aliopewa na Mungu katika nchi ile, kisha anawasogeza karibu. Mzee anawabusu na kuwakumbatia. Hakuweza kuwatambua kwa macho, akawapokea kwa mikono.

Na kuna jambo la tatu. Yakobo anapowabariki, anaipishanisha mikono yake, mkono wa kuume unakwenda juu ya kichwa cha mdogo. Yusufu anadhani mzee amekosea, anajaribu kumrekebisha. Mzee anakataa, anamwambia anajua anachofanya. Mtu tuliyedhani hajui kitu alikuwa anajua kuliko wote waliokuwamo chumbani.

Ndugu zangu, hapo pana mafundisho yote ya leo. Yusufu aliwapeleka watoto kwenye kitanda cha mgonjwa. Aliwatambulisha bila hasira. Na watoto wakatoka hapo na baraka ambayo wasingeipata kama wangeachwa nyumbani.

UKWELI UNAOMTOSHA MTOTO

Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunamficha mtoto tukidhani tunamlinda. Bibi akipelekwa hospitali, mtoto anaambiwa amesafiri. Watu wazima wakizungumza, mtoto akiingia wananyamaza. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mtoto naye hafichiki. Anasikia usiku kupitia ukutani. Anaona macho ya mama yake yamevimba. Asipopewa ukweli, anautunga wake mwenyewe, na anaoutunga huwa mbaya kuliko ule uliofichwa.

Moyoni mwa mtoto wa namna hii huwa mna maswali matatu, hata kama hayasemi. La kwanza: ni mimi niliyesababisha? Siku ile nilipomjibu bibi vibaya, ndipo alipoanza kuugua. La pili: na mimi nitaambukizwa? Nitakula naye sahani moja? La tatu, ambalo ni zito kwa mtoto wa Kisarawe aliyelelewa na bibi peke yake: akifa, nani atanitunza?

Mzazi, mlezi, usisubiri aulize. Kaa naye, hata mkiwa mnachambua mchicha, umwambie kwa lugha ya umri wake. Mwambie kwamba bibi ana ugonjwa kichwani, kwenye ubongo, sehemu inayotunza kumbukumbu. Mwambie si kosa lake na si kosa la bibi. Mwambie ugonjwa huo hauambukizi. Mwambie huenda bibi atamsahau jina, na siku hiyo ikifika asidhani kwamba bibi ameacha kumpenda. Na mwambie nani atabaki naye, kwa jina: "Utaishi na shangazi." Mtoto hahitaji kujua kila kitu. Anahitaji kujua kwamba haachwi peke yake gizani.

Na bibi akifariki, tusiseme amelala. Mtoto aliyeambiwa kwamba bibi alilala na hakuamka, usiku ataogopa kufumba macho. Sema amefariki, na sema imani yetu juu ya ufufuko bila kuificha nyuma ya maneno ya kubembeleza. Kama anataka kumuaga, ashikwe mkono na mtu mzima anayempenda, asiachwe katikati ya vilio bila wa kumweleza kinachoendelea.

SI MCHAWI, NI MGONJWA

Hapa niseme wazi. Bibi mwenye ugonjwa huu anaweza kutoka nje usiku wa manane. Anaweza kutembea bila nguo. Anaweza kukutwa amesimama uani kwa jirani akiongea peke yake. Nasi tunajua neno linalotamkwa kijijini kesho yake asubuhi: anawanga.

Neno hilo likishatamkwa na watu wazima, watoto wao wanalibeba hadi shuleni. Yule mjukuu anaambiwa mbele ya darasa zima kwamba bibi yake ni mchawi. Anaporudi nyumbani, chakula alichopikiwa na bibi kinamshinda kumeza. Uongo mmoja umemwibia mtoto bibi yake kabla ugonjwa haujamchukua. Nchi yetu inajua uongo huo unaishia wapi. Katika mikoa ya kanda ya ziwa, wazee wa kike wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, jikoni walimowapikia watoto wetu.

Mkristo anayepokea Ekaristi Jumapili, kisha Jumatatu akamwita mzee mgonjwa mchawi, anautenganisha ulimi wake na kile alichokipokea juu yake. Yoshua bin Sira aliliona jambo hili karne nyingi kabla ya hospitali zetu. Katika sura ya 3, aya ya 12 na 13, anamfundisha mwana amtunze baba yake mzee, na anaongeza kwamba hata akili za mzee zikipungua inampasa kumvumilia, wala asimdharau kwa sababu yeye mwenyewe bado ana nguvu zake. Maandiko hayakuuita upungufu huo wa akili uchawi. Yaliuita uzee unaohitaji uvumilivu.

Badala ya kwenda kwa mganga, mpeleke bibi hospitali. Si kila kuchanganyikiwa kwa mzee ni dimenshia. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukosa maji mwilini au dawa zisizopatana vinaweza kumfanya mzee aongee mambo yasiyoeleweka, na hayo yanatibika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wamewekewa utaratibu wa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Ulizeni ofisi ya kijiji au ya mtaa kuhusu kitambulisho chake kabla hajazidiwa, msisubiri usiku wa dharura.

MZIGO WA MTOTO UWE WA MTOTO

Kuna kosa la kumtenga mtoto na mgonjwa. Lipo pia kosa la upande wa pili: kumwachia mgonjwa mtoto. Katika nyumba nyingine mtoto wa darasa la tano ndiye anayechota maji, anapika uji, anafua shuka zilizolowa, anamwogesha bibi, anamlinda asitoke. Shuleni anaandikwa mtoro. Watu wanamsifu kwamba ni mtoto mwenye adabu. Ni kweli ana adabu, lakini sisi tunaomsifu na kuondoka hatuna. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunauona mwepesi kwa sababu hauko begani mwetu.

Mtoto apewe kazi ndogo inayomfaa. Ampelekee bibi maji ya kunywa. Amsomee Injili ya siku. Amchane nywele, amwimbie, akae naye chini ya mwembe jioni. Kazi hizo zinamjenga, naye atazikumbuka kwa furaha akiwa mtu mzima. Lakini kumwogesha mtu mzima, kukesha usiku, kupima na kutoa dawa, hizo ni kazi za watu wazima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya elimu na inamkinga na kazi zinazomdhuru. Haki hiyo haisimami kwa sababu bibi anaumwa.

Wazazi mlioko mjini, nawaombeni mnisikilize. Kutuma fedha kwa simu ni jambo jema, endeleeni. Lakini hela ya simu haimwogeshi bibi, wala haimkumbatii mtoto anayelia usiku. Kutoka Dar es Salaam hadi Kisarawe si safari ya siku tatu. Njooni. Kaeni mwisho wa juma mmoja, mlale katika nyumba hiyo, msikie usiku wake ulivyo. Mkitoka hapo mtajua la kufanya.

Si sisi peke yetu tunaopambana na jambo hili. Hospitali ya Mloganzila, ambayo wengi wa Kibaha tunaikimbilia, ilijengwa kwa mkopo wenye masharti nafuu kutoka Korea Kusini. Nchi hiyo ina mengine ya kutufundisha zaidi ya majengo. Wakorea wanajulikana kwa kuwaheshimu wazee, na tangu zamani bibi aliishi nyumbani kwa mwanawe, akiwabeba wajukuu mgongoni kama bibi zetu. Lakini vijana walipohamia mijini na nyumba zikawa ndogo, waliona kwamba heshima peke yake haitoshi. Mwaka 2008 walianzisha bima maalumu ya matunzo ya wazee, inayowezesha mhudumu kufika nyumbani kwa mzee, kumwogesha na kumhudumia, ili familia ipumue. Mjukuu wa Kikorea naye anaulizwa na bibi yake yeye ni nani, na moyo wake unauma sawasawa na wa mjukuu wa Kisarawe. Tofauti ni kwamba ipo mikono mingine inayokuja kusaidia.

Sisi bado hatuna bima ya namna hiyo. Lakini tunayo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Nyumba kumi au kumi na tano zinazojuana kwa majina, zinazokutana kila wiki. Jumuiya hiyo ikiamua, inaweza. Mama mmoja akae na bibi Jumanne jioni ili mtoto afanye kazi za shule. Kijana mmoja apeleke maji Alhamisi. Katekista amtembelee mtoto, asimuulize tu kwa nini hakuja mafundisho, amuulize pia anaendeleaje. Na tunapokwenda kusali kwa mgonjwa, mtoto asitolewe nje. Akae ndani, apewe nafasi ya kutaja nia yake kwa maneno yake mwenyewe. Mtashangaa mtakachokisikia.

KUMBUKUMBU ISIYOFUTIKA

Katika kijiji kimoja wilayani Kisarawe nilimpelekea Komunyo bibi ambaye hakujua tena siku wala mwaka, na mimi alinidhania kuwa kaka yake aliyekufa zamani. Mjukuu wake wa darasa la nne aliniambia, "Padre, ukimuuliza hakujibu. Anza Salamu Maria." Nikaanza. Bibi akapokea, akaisali hadi mwisho bila kukosea neno, kisha akaendelea na inayofuata. Mtoto yule aligundua peke yake jambo ambalo wataalamu nao wanalijua, kwamba sala na nyimbo za utotoni huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kumtoka mgonjwa wa kumbukumbu. Kila jioni alikuwa anasali naye Rozari. Bibi ndiye aliyemfundisha Rozari hiyo, na sasa mtoto anamrudishia kidogo kidogo.

Hapo nikamkumbuka Loisi. Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo barua ya pili, anaitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake huyo, ikapita kwa mama yake Eunike, ikamfikia yeye. Papa Fransisko naye alisimulia mara nyingi juu ya bibi yake Rosa aliyemfundisha kusali, na maneno ambayo bibi huyo alimwandikia aliyatunza ndani ya kitabu chake cha Masifu. Ndiye aliyeanzisha, mwaka 2021, Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Imani husafiri kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Na ugonjwa unapoivunja njia hiyo upande mmoja, Mungu anaweza kuigeuza, mjukuu akaanza kumlisha bibi.

Kwa hiyo, mtoto unayesoma haya au unayesomewa, nina neno kwako. Bibi akikuuliza wewe ni nani, usiumie kupita kiasi, wala usimpime kwa maswali akumbuke. Mjibu kama Yusufu alivyojibu, kwa utulivu: "Bibi, mimi ni mjukuu wako, umenilea wewe." Akiuliza tena baada ya dakika tano, jibu tena vilevile. Yeye amekusahau jina, lakini wewe hujamsahau. Sasa ni zamu yako kukumbuka kwa ajili yenu wawili. Na siku ukichoka, ukikasirika, ukitamani bibi wa zamani arudi, hiyo si dhambi ya kukutenga na Mungu. Mwambie Yeye, kisha mwambie mtu mzima unayemwamini.

Maana yuko mmoja asiyesahau. Katika Isaya, sura ya 49, aya ya 15 na 16, Mungu anauliza kama inawezekana mama amsahau mtoto anayemnyonyesha. Na hajidanganyi, anakubali kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Sisi tumeliona likitokea kwa uzee na ugonjwa, kwa mama na bibi waliotupenda kuliko nafsi zao. Lakini anaapa kwamba Yeye hatatusahau, kwa kuwa ametuchora katika viganja vyake. Jina la bibi limo humo, hata kama yeye mwenyewe halijui tena. Jina la mjukuu wake limo humo, kiganja hichohicho.

Jumapili hii, ukitoka Misani, usipite moja kwa moja kwenda nyumbani. Pita kwenye ile nyumba unayoijua. Msalimie bibi. Kisha kaa chini, umtafute mtoto, umuulize yeye anaendeleaje, na usubiri jibu lake.

Nawatakieni Dominika njema na yenye baraka.